Na Wewe Je? Mshauri Nasaha Anapoulizwa Habari Zake

Katika tiba ya mazungumzo anayeuliza kwa kawaida ni mshauri, na anayesimulia ni mteja. Mteja hueleza ndoa yake, madeni yake, msiba uliomfika, hofu inayomnyima usingizi. Mshauri husikiliza, huuliza, na kumsaidia kupanga mawazo. Lakini mazungumzo ya watu wawili hayawezi kwenda upande mmoja siku zote. Mapema au baadaye mteja hugeuza swali. Umeoa? Una watoto? Unaswali wapi? Umewahi kufiwa? Hili linalonisumbua mimi, wewe limewahi kukupata? Namna mshauri anavyolipokea swali kama hilo ni sehemu ya tiba yenyewe. Jibu lake linaweza kumpa mteja moyo wa kuendelea, na linaweza pia kumfunga mdomo. Kukataa kwake kujibu kunaweza kuilinda kazi wanayoifanya pamoja, au kumwacha mteja akijiona amefedheheka.

Fani ya saikolojia imelijadili jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, na msimamo wake umebadilika sana. Washauri wengi leo wanakubaliana kwamba hakuna kanuni ya kusema yote wala ya kunyamaza kabisa. Kilichopo ni kipimo ambacho mshauri anapaswa kukishika kila anapoulizwa: jibu hili litamfaa nani, mteja au mimi?

Daktari kama kioo

Mwaka 1912 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika mapendekezo kwa madaktari waliotaka kuifuata njia yake. Aliwataka wasijifunue kwa wagonjwa; wawe kama kioo, kinachorudisha kile tu alichokileta mgonjwa mwenyewe. Sababu yake ilitokana na jambo aliloliona kazini. Mgonjwa humtwisha daktari hisia alizokuwa nazo kwa watu wa utotoni mwake. Aliyelelewa na baba mkali humwogopa daktari ambaye hajamkemea hata mara moja. Aliyeachwa na mama yake huisubiri kwa wasiwasi siku ambayo daktari naye atamwacha. Freud aliona kwamba kadiri mgonjwa anavyojua machache kuhusu daktari, ndivyo hisia hizo zilizohamishwa zinavyojitokeza waziwazi na kuweza kuchunguzwa. Kwa hiyo mgonjwa alilala kwenye kochi, daktari akaketi nyuma ya kichwa chake, na mgonjwa aliyeuliza habari za daktari alirudishiwa swali lake: ni nini kimekufanya uliwaze hilo leo?

Freud mwenyewe hakuweza kuwa kioo. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyumbani kwake, Berggasse namba 19, kimejaa sanamu za kale za Misri, Ugiriki na Roma alizozikusanya kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1930 mbwa wake, Jofi, alikuwa akilala humo wakati wa vikao. Mgonjwa aliyeingia chumba hicho alimjua mwenyeji wake kwa sehemu kabla ya neno lolote kusemwa.

Mfuasi wake wa karibu, Sándor Ferenczi wa Budapest, alikwenda hadi upande wa pili kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikubali ombi la mgonjwa wake mmoja kwamba wachambuane kwa zamu: kipindi kimoja mgonjwa azungumze na daktari asikilize, kipindi kingine daktari azungumze na mgonjwa asikilize. Katika shajara yake ya mwaka 1932 Ferenczi aliandika faida alizoziona, na pia matatizo. Zito kuliko yote lilikuwa hili: daktari anayemfungulia mgonjwa mmoja moyo wake wote atazificha vipi siri za wagonjwa wengine, ambazo nazo zimo moyoni humo? Jaribio hilo halikudumu, na tangu hapo limekuwa mfano wa mbali ambako uwazi wa mshauri unaweza kufika.

Katikati ya karne Mmarekani Carl Rogers alileta njia nyingine. Katika makala yake ya mwaka 1957 kuhusu masharti yanayomwezesha mtu kubadilika katika tiba, alitaja ukweli wa nafsi ya mshauri kuwa mojawapo: anachokihisi ndani kisigombane na anachokionyesha nje. Hakudai kwamba mshauri asimulie maisha yake. Alidai asivae uso wa bandia.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika filamu ya mafunzo iliyorekodiwa mwaka 1964, ambamo mwanamke anayejulikana kwa jina la Gloria alizungumza na wataalamu watatu kwa zamu, Rogers akiwa wa kwanza. Gloria alikuwa ameachana na mumewe. Binti yake mdogo alimuuliza kama amewahi kulala na mwanamume tangu talaka, naye akamdanganya kwamba hajawahi. Sasa alitaka Rogers amwambie moja kwa moja: akisema kweli, mtoto ataumia? Alilirudia swali hilo kwa namna mbalimbali. Rogers hakumpa ndiyo wala hapana, na wala hakujifanya hakusikia. Alimwambia kwa upole kwamba angependa sana kumsaidia, lakini hilo ni jambo ambalo mtu mwingine hawezi kumjibia. Kuelekea mwisho Gloria alisema angetamani kuwa na baba wa namna yake. Rogers akamjibu kwa hisia aliyokuwa nayo saa ileile, kwamba kwake Gloria alionekana kuwa binti mwema. Katika nusu saa hiyo alikataa kumwamulia na akakubali kumwonyesha anavyomthamini, na yote mawili aliyafanya bila kumdanganya.

Maswali hayafanani

Mshauri mzoefu hayaweki maswali yote katika kapu moja. Yapo yanayodai jibu kamili, yapo yanayotosha kwa neno moja, na yapo ambayo jibu lake la haki ni hapana.

Kwanza ni maswali ya kazi. Mteja akiuliza mshauri amesomea wapi, amewahi kuhudumia watu wenye tatizo kama lake, atatumia njia gani, kikao ni bei gani, na siri zake zitatunzwa namna gani, hapo hajagusa maisha ya mtu. Anauliza kama mnunuzi wa huduma, tena huduma inayohusu afya yake. Kuyakwepa maswali hayo ni kosa, na mshauri anayestahili kuaminiwa huyajibu hata kabla hajaulizwa. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani aliyeandika sana kuhusu kazi hii, amezigawa habari anazoweza kuzitoa mshauri katika mafungu matatu: jinsi tiba inavyofanya kazi, hisia za mshauri kuhusu kinachotokea kati yake na mteja, na maisha yake binafsi. Kwa fungu la kwanza Yalom anataka uwazi kamili. Kwa mengine mawili anataka busara, na kwa la mwisho tahadhari zaidi.

Pili ni maswali ya adabu. Katika Afrika Mashariki mtu huulizwa kwao wapi na watoto hawajambo kabla ya shughuli kuanza. Anayeuliza hivyo hachunguzi. Anatafuta mahali pa kumweka mwenzake ili ajue azungumze naye vipi. Mshauri aliyefunzwa kwa vitabu vya Ulaya au Marekani akalichukulia swali la "kwenu wapi?" kuwa dalili ya kuchunguzwa ataonekana ana kiburi, na mteja ataondoka na hisia kwamba amepuuzwa mlangoni. Swali la namna hii hujibiwa kwa kifupi na kwa uso mkunjufu, kisha mazungumzo yakaendelea.

Tatu ni maswali ya mfanano: umewahi kufiwa na mtoto, umewahi kuachwa, umewahi kunywa pombe, wewe ni Mwislamu au Mkristo? Hapa mteja anapima kama atakayemweleza atamwelewa au atamhukumu.

Nne ni maswali ya maoni. Ungekuwa wewe ungemwacha? Ungemsamehe? Maswali haya huja na uzito mkubwa, kwa kuwa mteja aliyechoka kuamua hutamani mtu mwingine amtue mzigo. Mshauri akisema "ningeondoka", mteja anaweza kuondoka kwenye ndoa kwa akili isiyo yake, na mambo yakiharibika mwenye kubeba matokeo ni mteja peke yake.

Tano ni maswali kuhusu uhusiano wenyewe. Unanionaje? Umechoka na mimi? Nisipokuja wiki ijayo utanikumbuka? Haya ni ya thamani kubwa katika tiba, kwa sababu yanaleta ndani ya chumba kile kinachomsumbua mteja nje. Mtu anayeamini kwamba kila anayemjua humchoka ataamini hivyohivyo kuhusu mshauri wake, na hapo wana nafasi ya kuichunguza imani hiyo ikiwa hai mbele yao.

Mwisho ni maswali yanayogusa mpaka: unakaa nyumba gani, naomba namba yako ya nyumbani, tunaweza kukutana jioni, umewahi kufanya mapenzi namna hii? Hapo jibu ni kukataa, kwa lugha ya staha na bila kuzungukazunguka.

Kilicho nyuma ya swali

Maneno ya swali mara nyingi ni mafupi kuliko haja iliyolileta. Chukua mfano wa mama wa miaka sitini na kitu anayefika kwa mshauri wa kike ambaye hajafika thelathini. Wamesalimiana, shikamoo na marahaba. Mama ameanza kueleza habari za kijana wake anayetumia dawa za kulevya, ambaye sasa anaiba vyombo vya nyumbani na kuviuza. Katikati ya maelezo anasita na kuuliza:

"Kwani mwanangu, wewe umezaa?"

Mshauri anaweza kusema, "Mama, hapa tunazungumza habari zako, si zangu." Kwa kanuni za vitabu hajakosea, lakini mama ameambiwa anyamaze na mtu wa umri wa mtoto wake. Anaweza pia kuanza kueleza mipango yake ya ndoa na shinikizo la shangazi zake, na dakika kumi za mama zikapotea. Au anaweza kujibu hivi:

"Bado sijajaliwa, mama. Nahisi unajiuliza kama mtu asiyezaa ataweza kuelewa uchungu wa mwanao kukuibia."

"Ndiyo hivyo. Wote wanaoniambia nimfukuze nyumbani hawana watoto."

Kwa jibu hili mama amepata ukweli, heshima yake imebaki, na jambo lililokuwa limefichika limejitokeza: kila anayemshauri amemtaka afanye kitu ambacho moyo wake haukiwezi, naye amekuja akiogopa kusikia shauri lilelile. Sasa tiba ina mahali pa kuanzia. Kama mshauri angelijibu tu kwa "hapana" na kuendelea, hofu hiyo ingebaki imefungwa.

Mfano mwingine unawahusu washauri wa vituo vya upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI, vilivyoenea Tanzania, Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mteja anayesubiri kutobolewa kidole humtazama mshauri na kuuliza, "Na wewe umepima?" Mshauri akijibu ndiyo, swali linalofuata linajulikana: "Majibu yalikuwaje?" Kila jibu huzaa swali. Kwa hiyo anayeamua kujibu la kwanza anapaswa awe ameshaamua atasimama wapi. Wengine husema, "Nimepima, na najua dakika hizi za kusubiri zinavyokuwa ndefu. Majibu ya kila mtu ni siri yake, kama yako yatakavyokuwa siri yako." Jibu hilo linamwonyesha mteja kwamba hayuko peke yake katika hofu, na wakati huohuo linampa ushahidi wa macho kwamba katika chumba hicho siri hutunzwa.

Hatua za kulipokea swali

Njia zinazofundishwa hutofautiana kwa shule, lakini mpangilio wake unakaribiana.

Hatua ya kwanza ni kulipokea. Mteja anapouliza jambo binafsi huwa amejikaza, na uso wa mshauri ndio wa kwanza kumjibu. Akikunja uso au kujiweka sawa kwenye kiti kama aliyevamiwa, mteja ameshaelewa kwamba ametenda kosa. Kumwambia "naona ni swali muhimu kwako" humpa mshauri muda wa kufikiri pia.

Hatua ya pili ni kuitafuta haja. Mshauri anaweza kumuuliza mteja jibu la ndiyo lingemaanisha nini kwake, na la hapana lingemaanisha nini. Namna ya kuuliza ina uzito. "Kwa nini unataka kujua?" husikika kama polisi anahoji. "Ungependa nielewe nini kuhusu hilo?" humfungulia njia. Pia swali lisirudishwe kwa mteja kila mara. Mteja anayerudishiwa kila analouliza hujifunza kwamba hapo hapaulizwi, na mtu asiyeuliza huficha mengine mengi.

Hatua ya tatu ni kuamua. Hapa ndipo kipimo kinapofanya kazi: jibu hili ni kwa faida ya nani? Mshauri anayegundua kwamba ana hamu ya kusimulia, kwamba kisa cha mteja kimetonesha kidonda chake mwenyewe, anapaswa kunyamaza na kukipeleka kidonda hicho kwa msimamizi wake wa kitaaluma. Ndiyo maana washauri nao huwa na wasimamizi. Mateso ambayo hayajapoa hayafai kuwa mfano kwa mwingine.

Hatua ya nne ni kujibu kwa kifupi na kwa kweli. Sentensi moja au mbili zinatosha. Mshauri anaweza kujibu lote, kujibu sehemu, au kukataa na kueleza sababu: "Hilo naomba libaki langu, si kwa kuwa umekosea kuuliza, ila nataka muda huu uwe wako." Kinachokatazwa na wote ni uongo. Mji ni mdogo na watu wanafahamiana. Mshauri aliyedai ana ndoa ya amani kisha mteja akasikia habari za talaka yake amepoteza imani ambayo haitarudi kwa maelezo.

Hatua ya mwisho ni kuyarudisha mazungumzo kwa mteja na kuangalia jibu limefanya nini. "Umejisikiaje kusikia hivyo?" Mteja mwingine atafarijika. Mwingine atajilinganisha na kuona aibu kwamba mshauri aliushinda msiba kwa mwaka mmoja ilhali yeye ana miaka mitano bado analia. Bila kuuliza, mshauri hawezi kujua ni lipi limetokea.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mshauri amefungwa na wajibu wa kutunza siri, mteja hajafungwa. Chochote kitakachosemwa kuhusu maisha ya mshauri kinaweza kufika sokoni kabla ya magharibi, na mteja hatakuwa amevunja kanuni yoyote. Mshauri mwangalifu husema yale tu ambayo yakisikika nje hayatamdhuru yeye, mwenzi wake wala watoto wake.

Utafiti unasema nini

Kunyamaza kabisa ni jambo adimu kuliko vitabu vya zamani vinavyoashiria. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2010 na Jennifer Henretty na Heidi Levitt wa Marekani yalieleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoa tiba huwaambia wateja wao jambo fulani kuhusu nafsi zao. Mapitio hayohayo yalionyesha kwamba matokeo ya tafiti kuhusu faida yake yanapishana sana.

Jaribio moja linalotajwa mara kwa mara lilichapishwa mwaka 2001 na Marna Barrett na Jeffrey Berman. Washauri katika kituo cha chuo kikuu kimoja waliagizwa wajieleze zaidi kwa mteja mmoja na wajizuie kwa mteja mwingine. Wateja waliosikia zaidi kuhusu washauri wao waliripoti kuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao, na waliwapenda washauri wao zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba washauri hao hawakusimulia maisha yao kiholela. Walisema maneno machache yaliyolingana na yale ambayo mteja alikuwa ameyaeleza.

Watafiti hutenganisha pia aina mbili za uwazi. Kumwambia mteja jambo la maisha ya nje, kwa mfano "nami nilifiwa na baba nikiwa shule", ni aina ya kwanza. Kumwambia kinachotokea baina yao sasa, kwa mfano "ulipocheka ukieleza kipigo kile, mimi nilihuzunika", ni ya pili. Ya kwanza huelekea kumpunguzia mteja upweke. Ya pili humpa mteja kitu ambacho marafiki na ndugu mara nyingi hawampi: habari za kweli kuhusu anavyowagusa watu wengine.

Pale ambapo kujieleza ni sehemu ya kazi

Zipo huduma ambazo uzoefu wa mtoa msaada ndio mtaji wake. Chama cha Alcoholics Anonymous, kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, kilijengwa juu ya mlevi aliyeacha pombe kumweleza mlevi mwenzake alivyoacha. Mtindo huo umefika hata katika nyumba za upataji nafuu za Zanzibar na Tanzania Bara, ambako wengi wanaowaongoza waraibu wamewahi kuwa waraibu wenyewe. Mraibu anayeuliza "wewe umewahi kutumia?" anatafuta ushahidi kwamba kuna upande wa pili wa mto na kwamba watu hufika. Kumnyima jibu hapo ni kumnyima dawa. Hali ni hiyohiyo kwa WAVIU washauri katika kliniki za Tanzania, watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao huwasaidia wenzao kushika dawa. Hali yao ya kiafya inajulikana tangu mwanzo, na ndiyo inayowapa sauti.

Nchini Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006, katika eneo la Mbare jijini Harare, mpango wa Benchi la Urafiki, kwa kuwafunza bibi 14 kuwasikiliza watu wenye sonona wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliohusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliohudumiwa kwenye benchi walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Malawi na Zanzibar. Bibi hao ni wakazi wa mitaa ileile wanayoihudumia. Kudai wawe watu wasiojulikana kungekuwa kuwaondolea kile kinachowafanya waaminiwe. Hata hivyo nao hufunzwa kwamba mwenye tatizo ndiye mwenye kikao.

Kwa wataalamu wa vyuo, kisa kinachojulikana zaidi ni cha Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, aliyebuni tiba inayotumiwa katika nchi nyingi kwa watu wanaojijeruhi na kutaka kujiua. Wagonjwa wake waliyaona makovu mikononi mwake. Mmoja alimuuliza kama yeye ni mmoja wao. Linehan alijaribu kulilainisha swali, lakini mgonjwa alisisitiza: kama ndivyo, wote wangepata matumaini makubwa. Mwezi Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 68, Linehan alisimama mbele ya hadhira katika hospitali ya Institute of Living, mjini Hartford, mahali alipolazwa akiwa na miaka 17 na kukaa zaidi ya miaka miwili, akaeleza hadharani historia yake. Kwa miongo mingi alinyamaza, na kazi yake ilisaidia watu hata katika kunyamaza huko. Alipozungumza alikuwa ameshapona, anajua anazungumza kwa ajili ya nani, na hakuwataka wagonjwa wamhurumie.

Hatari za kusema mno

Thomas Gutheil na Glen Gabbard, madaktari wa akili wa Marekani, waliandika mwaka 1993 makala inayofundishwa hadi leo, wakitofautisha kuuvuka mpaka na kuuvunja. Kuuvuka ni jambo dogo lisilo na madhara, pengine lenye msaada: kumpa mteja pole msibani, kumjibu una watoto wangapi. Kuuvunja ni kumtumia mteja. Waandishi hao walionya kwamba uvunjaji mkubwa, hata wa kingono, mara nyingi hutanguliwa na mivuko midogo iliyozoeleka, na kujieleza ni mojawapo. Mshauri anaanza kwa kusema amechoka leo, wiki ijayo anaeleza ugomvi wake na mkewe, mwezi ujao mteja anamfariji.

Dalili ya hatari ni pale majukumu yanapogeuka. Mteja anayeanza kuficha habari mbaya ili asimhuzunishe mshauri, anayemuuliza kila mara kama ameshapona, au anayetoka kikaoni akimwombea, amegeuzwa kuwa mlezi. Waliokulia katika nyumba ambazo mtoto ndiye aliyemtuliza mzazi mlevi au mgonjwa huingia katika nafasi hiyo kwa urahisi sana, na ndio wanaoumizwa nayo zaidi.

Hatari nyingine ni kufananisha kusikofanana. "Najua unavyojisikia, nami nilifiwa" ni maneno ya kawaida msibani, lakini katika tiba yanaweza kuyafuta maumivu ya mteja na kuweka ya mshauri mahali pake. Kufiwa na bibi mwenye miaka tisini hakumfanyi mtu aujue msiba wa aliyezika mtoto.

Yasiyofichika

Mambo mengi hujulikana bila swali. Pete ya ndoa, hijabu, rozari, lafudhi, mkongojo, mimba inayokua wiki baada ya wiki: yote husema. Mshauri mjamzito hafai kungoja hadi mteja anayehangaika na utasa agundue mwenyewe. Humwambia mapema, na hisia zitakazotokea huzungumzwa.

Mitandao imeongeza mengine. Mteja mwenye simu anaweza kuona picha za harusi ya mshauri kabla ya kikao cha kwanza, kisha akauliza swali ambalo jibu lake analo tayari. Washauri wengi sasa huweka kanuni tangu siku ya kwanza: hawapokei maombi ya urafiki kutoka kwa wateja, na namba ya WhatsApp ni ya kupangia miadi tu. Katika miji midogo hali ni ngumu zaidi, kwani mshauri na mteja huswali msikiti mmoja au hukutana kwenye vikao vya harusi. Wanachokifanya wengi ni kukubaliana mapema watakavyosalimiana nje, na mara nyingi mshauri humwachia mteja aanze salamu akipenda, ili watu wasiulize wamejuana wapi.

Upande wa mteja

Mteja hana haja ya kuogopa kuuliza. Ana haki ya kujua elimu na uzoefu wa mshauri, njia atakayoitumia, malipo, na mipaka ya siri. Nchini Kenya sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliweka utaratibu wa kuwasajili wanaofanya kazi hii, hivyo kuuliza kama mtu amesajiliwa ni swali la kawaida kabisa. Maswali mengine pia anaweza kuyauliza, akijua kwamba mshauri anaweza kukataa bila kumkosea heshima, na kwamba kueleza sababu ya kuuliza kutawasaidia wote wawili.

Mteja ana haki pia ya kusema inapozidi. Anayeona kikao chake kinaliwa na habari za mshauri, anayeombwa kutunza siri za mshauri, au anayealikwa kwenye uhusiano mwingine nje ya tiba, anaweza kulisema jambo hilo, kuhamia kwa mshauri mwingine, au kupeleka malalamiko kwa kituo au chombo kinachosimamia taaluma hiyo. Mshauri mwema hatachukizwa kuambiwa amezungumza mno. Atashukuru, ataomba radhi ikibidi, na atamrudishia mteja nafasi yake.